Si posho waliyoisubiri Mutakura

Imeandikwa kwamba wake wa askari wa Burundi waliopelekwa Somalia walipenda posho, si mume. Naikataa hoja hiyo. Ni kweli, tangu kikosi cha kwanza kiondoke Desemba 2007, fedha hizo zilijenga nyumba na kulipa karo, wala sioni aibu hapo: mapenzi hayazuii mtu kula. Lakini mwaka 2016 posho zilikwama miezi kadhaa kwa mvutano wa serikali ya Burundi na Umoja wa Ulaya uliozigharamia. Je, hofu nayo ilikwama? Wapiganaji wa Al-Shabaab walipoivamia kambi ya Warundi ya El Baraf Mei 2022, jeshi la Burundi lilitangaza askari 10 waliouawa. Mwanamke wa Mutakura, mtaa wa Bujumbura, aliyepiga simu isiyopokelewa hakutulizwa na idadi. Alitaka kujua kama mumewe yumo.