Mmea wa Maungu Nao Uhesabiwe

Msafiri aendaye Mombasa, akishaipita Voi, huangaza macho nyikani akiwatafuta ndovu wa Tsavo. Ni nadra kuviangalia vilima vya Maungu. Hata hivyo, juu ya vilima hivyo, katika msitu unaonyweshwa na ukungu, humea johari ya Kenya: Encephalartos kisambo, mmea ambao wataalamu waliueleza rasmi mwaka 1989.

Majani yake yafanana na ya mnazi, lakini si mnazi. Hauna maua, mbegu zake hukaa katika koni. Jamii yake ilikuwako tangu enzi za dinosaria. Hukua polepole mno, na tena kuna mimea dume na mimea jike, mbalimbali, inayotegemea wadudu wadogo kupelekeana chavua. Kwa hiyo, mtu aking'oa mmoja akapambie bustani, huenda amewaacha wengine wajane. Na msitu ukikatwa, ukungu hukosa majani ya kuunasa, mche ukafa kwa kiu.

Yaliyoufika mmea mwenzake wa Afrika Kusini yatufunze. Encephalartos woodii ulionekana mwaka 1895 katika msitu wa oNgoye. Ulikuwa dume, jike halijapatikana hadi leo. Shina la mwisho liliondolewa huko mwaka 1916. Leo upo katika bustani nyingi duniani, lakini yote ni machipukizi ya dume lile moja. Unaishi, ila hauzai.

Sheria hazikosi. Mkataba wa kimataifa wa CITES unakataza biashara ya mimea ya jenasi hii iliyong'olewa porini. Lakini mkataba haupandi mlimani kulinda zamu. Ndovu akiuawa, taifa zima hulia. Mmea uking'olewa usiku, nani atajua? Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Rai yangu ni kwamba daftari hilo lianzie shuleni. Walimu na wanafunzi wa Taita-Taveta, wakishirikiana na wenyeji na wataalamu wa makavazi yetu, wahesabu kila mwaka: madume mangapi, majike mangapi, miche mingapi. Hesabu itangazwe, mahali penyewe pafichwe, wezi wasije wakaelekezwa njia.

Kuhesabu dume na jike zingalipo ni kazi ya daftari na kalamu. Likishatoweka jike la mwisho, hakuna sheria wala fedha itakayolirudisha.