Tuache Kuomba Tunachoweza Kukiunda



Katika vikundi vyetu umeota mzizi usemi usiotupendeza: kwamba gitaa la kwaya halitapata sauti ya kuvutia mpaka mfadhili atuletee pedali kutoka Ulaya au Marekani. Barua huandikwa, kapu la mchango hupitishwa, miezi hupita. Na mpiga gitaa wetu hukaa akikingoja kijisanduku cha kukanyaga kana kwamba kitashuka kutoka mawinguni. Usemi huo tunaukataa.

Hebu tukifungue kijisanduku chenyewe. Fuzz Face, pedali iliyotolewa London mwaka 1966 na kupendwa na Jimi Hendrix, ina transista 2, rezista 4, kapasita 3 na vidhibiti 2 vya kuzungusha. Betri yake ni ya volti 9. Transista huikuza sauti hata ikapita uwezo wa betri. Hapo vilele vya mawimbi hukatwa, na huko kukatwa ndiko kunakozaa mkwaruzo tunaoutamani. Vipande vya jamaa hiyo vimelala katika redio mbovu za mitaa yetu. Hapa hakuna uchawi, kuna elimu. Na elimu haina mlango uliofungwa kwa anayebisha.

Tena, sauti hiyo ilizaliwa na ubovu. Wimbo mmoja wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961 ulirekodiwa Nashville kwa mtambo wenye hitilafu, sauti ya besi ikakwaruza. Fundi Glenn Snoddy hakuutupa ubovu ule. Aliuchunguza, akauundia sakiti, na mwaka 1962 ikauzwa pedali iitwayo Maestro FZ-1. Je, sisi tuliozungukwa na vyombo vibovu tumechunguza vingapi?

Wala tusiseme kwamba hayo ni ya wageni. Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa Konono No. 1 ya Kinshasa, alitaka likembe isikike katikati ya kelele za mji. Aliunda vinasa sauti kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu. Mkwaruzo uliotokea haukuwa aibu, bali ndio uliolitambulisha kundi hilo duniani kwa albamu ya Congotronics ya mwaka 2004.

Linalotuumiza zaidi ni hili: shaba ya nyaya huchimbwa Kolwezi, bati la kulehemu huchimbwa Bisie, na koltani ya Rubaya hutoa tantali ya kutengenezea kapasita. Ardhi yetu huwatajirisha mafundi wa mbali, nasi twaomba turudishiwe kijisanduku kama sadaka!

Tutaambiwa kwamba pedali ya kujiundia huvuma na kukatika. Ni kweli, ikiundwa kwa pupa. Iwekwe ndani ya kopo la chuma lililounganishwa na waya wa ardhi, na uvumi utapungua. Kila kiungo kilehemiwe hadi bati liyeyuke na kung'aa, na sauti haitakatika ovyo. Tutaambiwa pia kwamba umeme huua. Hilo nalo ni kweli, ndiyo maana tunasema tuanze na betri ya volti 9, wala tusifungue amplifaya inayotumia umeme wa nyumba, kwa maana kapasita zake huweza kutunza umeme hata baada ya kuchomolewa. Tahadhari ni sehemu ya ufundi. Woga si sehemu yake.

Hatudharau ukarimu wa wafadhili. Tunachokipinga ni mkono uliozoea kupokea hata ukasahau kutenda. Pedali iliyonunuliwa, ikiharibika, hurudisha kikundi kwenye barua ya kuomba. Pedali iliyoundwa na vijana, wasichana kwa wavulana, ikiharibika, hutengenezwa na walewale walioiunda.

Basi katika mkutano ujao, kabla kapu halijapitishwa, tuulizane: nani kati yetu ajua kulehemu? Asipopatikana hata mmoja, mchango huo usiende ng'ambo. Tumlipe fundi redio wa mtaani aje atufundishe.