Mtungi wa Oksijeni Usipimwe kwa Macho

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitambua oksijeni katika orodha yake ya dawa muhimu kuwa tiba ya upungufu wa oksijeni mwilini. Dawa hupimwa, huhesabiwa na huandikwa. Hata hivyo, si ajabu kumwona mhudumu akiitupia jicho geji ya mtungi, akaona mshale uko karibu na nusu, akasema "ipo ya kutosha", na safari ya rufaa ikaanza. Maoni yangu ni kwamba gari lisiondoke mpaka hesabu moja fupi ifanywe na kuandikwa kwenye faili la mgonjwa.

Hesabu hiyo ina umri wa zaidi ya karne tatu. Mwaka 1662 Robert Boyle alichapisha kanuni kwamba, joto lisipobadilika, shinikizo la gesi likizidishwa kwa ujazo wake jibu ni lilelile. Kanuni hii ni kamili kwa gesi kamilifu ya vitabuni tu. Lakini oksijeni ya mtungini huikaribia vya kutosha kwa kazi yetu. Chukua ujazo wa mtungi, ambao kwa kawaida hugongwa kwenye chuma karibu na shingo yake, uuzidishe kwa shinikizo linaloonyeshwa na geji. Jibu ni lita za oksijeni zilizopo. Zigawe kwa lita anazotumia mgonjwa kila dakika, nawe utapata dakika zilizobaki.

Tuseme mtungi ni wa lita 10 na geji inaonyesha bar 60. Oksijeni iliyomo ni takriban lita 600. Mgonjwa anayehitaji lita 10 kwa dakika atapata saa moja tu. Ikiwa hospitali ya rufaa iko mwendo wa saa moja na nusu, mtungi huo utaisha njiani, ingawa kwa macho ulionekana kuwa na nusu. Mimi napendekeza dakika zilizopatikana ziwe angalau mara mbili ya muda wa safari, kwa kuwa matope, foleni na pancha havingoji hesabu zetu.

Wapo wanaosema geji haiaminiki, wakitoa mfano wa gesi ya kupikia ambayo huisha ghafla. Mfano huo haufai. Gesi ya kupikia imo mtungini kama kimiminika. Shinikizo lake halishuki sana hadi kimiminika kimekwisha, ndiyo maana mtungi wake hupimwa kwa mizani. Oksijeni ya mtungini ni gesi tupu, na shinikizo lake hupungua sawasawa na matumizi.

Jambo la kuangalia ni joto. Mtungi wenye bar 137 katika nyuzijoto 27, ukiachwa juani hadi kufikia nyuzi 57, utaonyesha takriban bar 150. Oksijeni haijaongezeka hata chembe. Ni molekuli zinazogonga kuta kwa nguvu zaidi. Mtungi ukae kivulini, nasi tusidanganywe na ongezeko hilo.

Joto na kazi vina somo jingine, nalo ni la usalama. Mafundi wa magari wanajua kwamba injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche: pistoni huigandamiza hewa kwa haraka, kazi hiyo hugeuka joto, na mafuta huwaka yenyewe. Vali ya mtungi ikifunguliwa kwa ghafla, oksijeni hujigandamiza vivyo hivyo katika nafasi ndogo ya kidhibiti shinikizo. Pakiwa na grisi au mafuta, hata yale ya kupaka mikononi, moto unaweza kuzuka. Kwa hiyo fungua vali polepole, kwa mikono safi isiyo na mafuta, wala sigara isiwashwe karibu.

Haya yote hayahitaji mashine mpya. Yanahitaji kibandiko juu ya kila mtungi kinachoonyesha ujazo wake na jedwali dogo la dakika. Yanahitaji pia wakufunzi watakaomfanya mwanafunzi akokotoe mbele ya mtungi halisi, badala ya kukariri kanuni kwa ajili ya mtihani.

Nanyi ndugu wa mgonjwa, mnayo haki ya kuuliza kabla ya safari: "Oksijeni hii itatosha dakika ngapi?" Swali hilo si dharau kwa muuguzi wala kwa daktari. Mhudumu aliyekwisha kukokotoa atawajibu mara moja. Ambaye hajakokotoa atakokotoa hapo hapo, wakati bado kuna nafasi ya kubadilisha mtungi.