Ugenini Ifakara

Ndugu msomaji, Jumapili iliyopita tuliachana tukizungumza juu ya jirani aazimaye ungo asiurudishe. Leo nakuomba tufunge safari, tuuache mji na makelele yake, tushuke bonde la Kilombero hadi Ifakara, tukamtazame jirani wa namna nyingine: yule aliyetoka nchi ya mbali pamoja na watoto wake, naye hajui hata huo ungo unaitwaje.

Ifakara imezoea wageni kupita miji mingi iliyo mikubwa kuliko yenyewe. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha hapo maabara ya kuchunguza maradhi ya nchi za joto, na maabara ile ndiyo mzazi wa Taasisi ya Afya ya Ifakara ya siku hizi. Mwaka 1961 kikaongezeka kituo cha kufundishia wahudumu wa tiba wa vijijini. Basi wataalamu wakawa wanakuja, mmoja kwa miezi, mwingine kwa miaka, na baadhi yao wakaja na jamaa zao. Marcel Tanner, ambaye baadaye aliiongoza Taasisi ya Kitropiki ya Uswisi, aliishi hapo na familia yake mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wachina waliojenga reli ya TAZARA katika miaka ya 1970 hali yao ilikuwa tofauti kabisa: walikaa makambini, wakalima bustani zao za mboga, na wake na watoto waliwaacha kwao.

Sasa jiweke wewe mahali pa mama wa familia ya namna hiyo. Tuseme ni mwaka 1982. Umejifunza Kiswahili kitabuni kwa miezi mitatu na unajiona mjuzi. Fundi anakuambia atafika kesho saa tatu. Unamngoja alasiri nzima hadi saa kumi na mbili, kumbe mwenzako alikuja asubuhi, akabisha hodi, akakosa mtu, akaenda zake. Unajikwaa njiani, na mtu aliye hatua kumi mbali nawe anasema, "Pole!" Unashangaa: huyu kosa amelitenda lini hata aombe radhi? Muuza samaki anakuambia, "Nakuja," kisha anakupa mgongo na kutokomea na baiskeli yake. Neno hili, kwa kweli, hata sisi wenyewe tungepata taabu kumweleza mgeni.

Nyumbani hakuna nafuu. Mwaka huo sabuni, sukari na unga wa ngano ni vitu adimu nchi nzima, na wewe una watoto waliozoea mkate kila asubuhi. Unga ukipatikana, una wadudu, itabidi uchekeche. Maji yachemshwe, yachujwe, yapozwe. Masika yakiingia, barabara ya Kidatu inageuka tope, gari linanasa, na barua kutoka kwa mama yako inachukua majuma. Watoto nao wana madai yao. Kwao Basel watu huogelea katika mto Rhine wakati wa joto, mchana kweupe, katikati ya mji. Hapa kuna mto mkubwa na mzuri wa Kilombero, nao wanakatazwa hata kutia mguu. Mwambie mtoto wa miaka saba habari za mamba na viboko. Atakujibu kwamba watoto wa jirani wamo majini.

Lakini siku moja mama wa nyumba ya pili anakuona ukilia mbele ya jiko la mkaa. Hakuulizi kitu. Anachukua sufuria yako, anaweka donge la unga ndani, anafunika, anapanga makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Baada ya muda mkate umeumuka na kuiva. Tangu siku hiyo hakuna tena anayekuita "mzungu" katika kichochoro kile. Unaitwa Mama Fulani, kwa jina la mwanao wa kwanza, kama wanawake wote wa hapo. Kwa mtu aliyekuwa ugenini miezi minne bila kuitwa kwa jina lolote, hilo si jambo dogo.

Kisha mtoto anashikwa na homa, na hapo mzaha unakoma. Katika vijiji vya bonde hili mtu asiye na kinga aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mamia ya mara kwa mwaka mmoja. Mama wa kigeni ana chandarua, ana vidonge vya klorokwini, ana kipimajoto, na usiku ule vyote hivyo havimpi usingizi. Anayemjia kwa miguu katika mvua ni jirani yule yule wa mkate. Anakaa kando ya kitanda hadi alfajiri akibadilisha kitambaa cha maji.

Ndugu msomaji, nakusihi umtazame vizuri huyo jirani, maana simulizi za wageni mara nyingi humpitia tu. Mwenye homa angezidiwa, wazazi wake wangetafuta usafiri, na tiketi ya kurudi kwao ilikuwamo sandukuni. Watoto wa jirani walilala usiku ule ule bila chandarua, na hawakuwa na mahali pengine pa kurudi. Mimi siwaonei wageni wivu kwa sababu hiyo, wala sidhani machozi yao yalikuwa ya bure, ila nayapima. Ilichukua miaka hadi chandarua kiwe bidhaa ya dukani kwa mkulima wa Kilombero na Ulanga, pale mradi wa KINET ulipoanza mwaka 1997 kueneza vyandarua na dawa kwa jina la "Zuia Mbu". Watafiti walipopima, waliona kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27.

Siku hizi tope la zamani limepungua. Daraja la mita 384 juu ya mto Kilombero lilizinduliwa mwaka 2018, na barabara ya lami kutoka Kidatu mwaka 2024. Safari nazo zimekuwa za pande mbili. Andrew Kitua na Hassan Mshinda, waliopata kukiongoza kituo cha Ifakara, walisomea shahada zao za udaktari Basel, na wengine wengi wamefuata.

Kwa hiyo geuza kibao. Jiweke sasa mahali pa mama wa Ifakara aliyemfuata mume masomoni kule. Nyumba ni ya ghorofa, na kufua ni kwa zamu: siku yako imeandikwa ukutani, ukiikosa utangoja. Usiku watoto wasikimbie sakafuni. Hakuna abishaye hodi, majuma yanapita. Hadi jioni moja kengele inalia. Ni bibi kizee wa ghorofa ya chini, ameshika khanga uliyoisahau kwenye kamba za kuanikia. Ameikunja vizuri, tena ameipiga pasi, na anauliza kwa ishara maandishi yale yanasema nini.