Kunakili Siyo Wizi, Mzee Mwenzangu

Baba mmoja wa Kariakoo ananiuliza: kijana wake amemaliza kidato cha nne, sasa anashinda uani akinakili Mona Lisa kwa rangi ya mafuta. "Huu si wizi wa kazi ya mtu? Nimkataze?"

Usimkataze. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli, jamaa zake walikaa pembeni, wakajifunza kwa kumwiga. Alipouawa kwa risasi mwaka 1972, kazi haikufa naye. Mikono mingine ilikuwa tayari, na familia nyingi zimekula kwa kazi hiyo hadi leo.

Hata jumba la Louvre, Paris, inakotunzwa Mona Lisa, limeruhusu wanaonakili tangu mwaka 1793. Sharti mojawapo: nakala isilingane kwa ukubwa na picha ya asili. Wizi ni kumdanganya mnunuzi, siyo kujifunza.

Basi mwambie aandike "nakala" nyuma ya picha, na jina lake. Afanyie kazi penye hewa, maana tapentaini inaumiza kichwa. Asiharakishe: rangi ya mafuta hukauka polepole, makosa yanarekebishika.

Akimaliza, mkalishe bibi yake mbele yake amchore. Hapo hana pa kuigia, na wewe utajua kijana amejifunza nini.