Kipupwe hiki, shuka ziwani uvuke mpaka

UPEPO WA UFIPA
Na Anselm Sikazwe

Juni ikishafika katikati, mtu wa Sumbawanga hakupi mkono, anakupa vidole vitatu kutoka ndani ya koti na kuvirudisha haraka. Jumapili iliyopita tulikuwa tumesimama nje ya kanisa tukiota jua kama mijusi, jirani yangu akanivuta pembeni. Ameuza mahindi. Bei hakunitajia, ila uso wake ulikuwa umeshaitaja.

"Kaka Sikazwe, shule zimefungwa. Mwaka huu nataka kuwatoa hawa watoto nje. Nje ya nchi, siyo Mbeya. Wewe mtu wa kuandika, niambie twende wapi."

Kabla sijafungua mdomo akanitajia miji miwili. Yeye anataka Dubai. Mama watoto anataka Johannesburg, maana shoga yake alikwenda akarudi na mapazia. Nikamuuliza: mnakimbia nini? Akacheka, akapuliza viganja vyake. "Si hii baridi, kaka."

Haya, kama ni baridi, tuanze na Dubai. Mwezi Julai joto la kule hupita nyuzi 40, na watu huishi wakitoka kiyoyozi kimoja kwenda kingine. Mji ule ni wa Desemba na Januari, miezi ambayo sisi tumeinama shambani na jembe. Mtoto aliyezoea kulala na mablanketi mawili ukimtua pale Julai, utarudi unasimulia hospitali. Joto lina watu wake. Mnamkumbuka refa Janny Sikazwe wa Zambia, aliyepuliza kipenga cha mwisho kabla ya dakika 90 katika mechi ya Tunisia na Mali kule Limbe, Cameroon, Januari 2022? Baadaye ilielezwa kwamba joto lilimzidi. Nilipoteza wiki nzima nikiwajibu watu wa sokoni kwamba si kaka yangu.

Johannesburg ni kichekesho kingine. Viza Mtanzania haihitaji kwa safari fupi, hilo ni jema. Lakini mji ule uko kwenye mwinuko wa mita kama 1,750, karibu sawa na sisi, na uko mbali zaidi na ikweta. Julai ndiyo kilele cha baridi yao, na zipo alfajiri ambazo nyasi zinaamka nyeupe kwa sakitu. Yaani jirani yangu apande basi hadi Mbeya, apande ndege Songwe, abadilishe Dar es Salaam, alipe nauli ya watu watano, aende kuikuta Sumbawanga nyingine iliyo kali kuliko hii aliyoiacha.

Ulaya kalenda inamfaa, maana huu ndio msimu wao wa joto. Kinachomkwaza ni mlango. Tangu Juni 2024 ombi la viza ya Schengen kwa mtu mzima ni Euro 90, na ukinyimwa hazirudi. Sitaki kuliona gunia lake la mahindi likiishia kwenye dirisha la ubalozi.

Mwenzenu huwa sianzi na jina la nchi. Naanza na mwinuko. Sisi tumekaa juu, mita kama 1,800 kutoka usawa wa bahari, na baridi yetu haina siri nyingine zaidi ya hiyo. Kila ukishuka mita 1,000, joto hupanda kwa nyuzi kama 6. Ziwa Tanganyika lipo mita 770 hivi. Anayetaka joto la wastani, lisilochoma, na anayetaka pia muhuri wa nchi nyingine, jibu lake liko Mpulungu, Zambia: mji wa bandari kwenye ncha ya kusini ya ziwa, ambako Julai unakaa ufukweni na shati moja.

Njia ni Matai, halafu Kasesya kwenye mpaka, halafu Mbala, kisha unateremka kama kilomita 40 hadi ziwani. Mbala usiitarajie kukupa joto, koti lako litakaa mwilini. Lakini usiipite hivyo hivyo. Zamani mji huu uliitwa Abercorn, na hapo ndipo jenerali wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alipokabidhi silaha tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya wenzake Ulaya kuacha kupigana. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilivyowabebesha babu zetu mizigo hadi wakafia njiani vilikwisha hapo, jirani kabisa na sisi, na watoto wetu wanavisoma darasani kana kwamba vilikwisha mwezini. Wapelekeni wakaone. Makumbusho ya Moto Moto yako palepale Mbala.

Kisha kuna mto Kalambo na maporomoko yake. Mto ule ndio mpaka, na mpaka wenyewe ulikubaliwa Ulaya na Wajerumani na Waingereza, Julai 1890, bila Mlungu wala Mmambwe hata mmoja kuulizwa. Ndiyo maana ukivuka unasalimiwa kwa lugha ya bibi yako na kukutana na majina ya ukoo wako kwenye vibao vya maduka. Langu mimi ninalikuta kila ninapokwenda. Maporomoko yanadondoka mita 221 kwa mkupuo mmoja, mara mbili ya Mosi-oa-Tunya, yale ambayo Wazungu waliyaita Victoria, yenye mita 108. Na juu ya maporomoko, upande wa Zambia, watafiti walifukua magogo mawili yaliyochongwa yakapachikwa moja juu ya jingine, na mwaka 2023 jarida la Nature likatangaza kwamba yana umri wa miaka isiyopungua 476,000. Hakuna jengo la mti la kale kuliko hilo linalojulikana duniani. Watu wanatoka Liverpool kuja kulichunguza. Sisi tunaota mapazia ya Johannesburg.

Nenda sasa, usingoje Septemba. Maji ya Kalambo hupungua kadiri kiangazi kinavyokaza, na ukichelewa utapiga picha ya mwamba mkavu wenye uzi mweupe.

Najua pingamizi la jirani yangu, maana alilitoa palepale: "Sasa hiyo nayo ni nje? Si kama Kasanga yetu hapa ziwani tu?" Hapo ndipo tulipogombana kidogo. Ni kweli, samaki ni yuleyule. Mgebuka wetu wao wanamwita buka-buka, na bei utapatana kwa ishara kama Kiswahili kikigoma. Lakini ng'ambo ile sheria ni nyingine, fedha ni nyingine, mtoto anaona bendera nyingine na rais mwingine kwenye picha ya ukutani. Kama nje ni kujifunza kwamba kuna namna nyingine ya kuishi, Mpulungu inatosha kwa mwanafunzi wa darasa la sita. Kama nje ni kusikia wenzako wakisema "kumbe amepanda ndege", basi hapo sina ushauri, ni suala la mfuko wako.

Tena nisiwadanganye: hoteli za kifahari usizitegemee. Kwenye maji ulizia wenyeji kuhusu mamba kabla ya mtoto kuvua viatu. Beba vyandarua, kwa sababu sisi wa juu mbu wa ziwani wanatuona wageni. Kwa wabadilisha fedha wa mpakani, kagua noti: Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye kwacha Januari 2013, na noti ya zamani yenye maelfu mengi haikununulii hata maandazi.

Na mwenye uwezo wa kwenda mbali zaidi bila kuudhika na ubalozi wowote, avukie Tunduma, aendelee kwa basi hadi Lusaka na Livingstone akaione Mosi-oa-Tunya. Koti asiliache nyumbani, Lusaka nako ni juu. Au aende Bujumbura kwa kupitia Kigoma. Ziwa ni hili hili, mwinuko ni ule ule wa joto, na Burundi tuko nayo Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Pasipoti tulianza kuzipata za kielektroniki mwaka 2018 kwa Sh150,000 kila moja. Watu watano, piga hesabu mwenyewe, na uende Uhamiaji mapema. Ukingoja wiki ya mwisho ya likizo, watoto watarudi shule na insha ya "nilivyokaa foleni".

Jirani yangu amekwenda kuanza maombi yake ya pasipoti Jumanne. Mama watoto bado anauliza kama Mpulungu kuna mapazia.