Boriti Haikai Bure

Wako wenye magari wanaotamani kuweka katika banda la nyumbani mashine ya kuinulia gari, mfano wa zile zilizomo katika gereji kubwa za mijini. Tamaa hiyo si mbaya: afanyaye kazi amesimama huona vizuri, wala halali mavumbini kando ya jeki. Kikwazo ni dari. Gari lenye kimo cha mita 1.5, likiinuliwa mita 1.8, lahitaji nafasi ya mita 3.3 angalau. Banda lenye dari ya mita 2.7 limepungukiwa sentimita 60.

Jirani yangu mmoja alipofikia hesabu hiyo alimwita seremala. Wakaafikiana kubomoa dari na kukata boriti za kulala za kenchi, kwa hoja kwamba hazibebi kitu ila dari yenyewe. Walipokata ya tatu, ufa ulijitokeza juu ya ukuta, nao wakasimama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; hapa ufa wenyewe uliumbwa kwa msumeno.

Boriti ile ilikuwa na kazi. Paa la miteremko miwili lafanana na mtu aliyepanua miguu juu ya sakafu yenye utelezi: uzito wake huisukuma miguu itengane. Boriti ya kulala ni kamba iliyoifunga miguu hiyo. Ikikatwa, kani haitoweki, bali huhamia kwenye kuta. Na ukuta wa matofali, ambao ni hodari wa kubeba mzigo ushukao, ni dhaifu usukumwapo ubavuni.

Tuchukue kenchi yenye upana wa mita 6 na kimo cha mita 1.5, inayobeba nyutoni 4,000 zilizotandazwa sawasawa. Kila ukuta hubeba nyutoni 2,000. Mwanafunzi akikokotoa momenti za nusu ya kenchi kwenye kilele, ataona kwamba boriti ya kulala huvutwa kwa kani ya nyutoni 2,000. Je, tukiipandisha hadi nusu ya kimo ili gari lipate nafasi? Kani huwa nyutoni 4,000, yaani maradufu, na boriti za mteremko nazo huzidi kupindwa. Basi hata kupandisha si jambo la kukisia. Mhandisi hana budi kukokotoa kenchi mpya, na paa lishikiliwe kwa nguzo kabla ya chochote kukatwa. Sakafu nayo ipimwe, kwa kuwa uzito wote wa gari hushukia penye miguu ya mashine.

Wengine watasema afadhali kuchimba shimo, nalo haligusi paa. Ni kweli, lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama shimoni, na cheche moja yatosha kuuwasha. Kila njia ina swali lake la kisayansi.

Simlaumu seremala. Ameona mapaa mengi yaliyokatwa yakaendelea kusimama siku ile na mwezi ule. Lawama yangu ni kwetu sisi walimu. Twafundisha pembetatu ya kani kama fumbo la mtihani, kisha aliyefaulu vizuri hukua, hujenga, na huamuru boriti ikatwe bila kukumbuka kwamba alikwisha kuichora ubaoni.

Dawa yake si ghali. Mwalimu na atwae vijiti viwili, aviunganishe kileleni kwa kipande cha ngozi, afunge uzi kati ya ncha za chini, kisha avisimamishe mezani na kuning'iniza jiwe kileleni. Mwanafunzi mmoja na akate uzi. Baada ya hapo darasa zima litoke nje, litazame paa la shule, na kila mmoja aeleze kila boriti inafanya kazi gani. Asiyeweza kueleza kazi ya boriti hajapata bado haki ya kuikata.